Nikiwa konda nilivaa suruali 30, nimekaa usukani miaka miwili navaa 36. Ni kweli misuli inageuka mafuta?

#1 Suka Mpya
Wakuu habari zenu.

Nimepiga ukonda miaka sita, Kosta ya Gongo la Mboto kwenda Makumbusho. Mlangoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku: kuruka chini kila kituo, kugonga bodi, kukimbia kudandia gari limeshaondoka. Kiuno kilikuwa 30, mkanda nimeutoboa tundu mbili za ziada kwa msumari ndio unibane. Mwaka juzi nikapata leseni, bosi akanikabidhi usukani. Leo navaa 36. Zile tundu za msumari zimebaki kumbukumbu.

Kinachonichanganya ni kwamba msosi ni ule ule. Chapati mbili na maharage asubuhi kwa mama yule yule, wali samaki mchana, usiku ugali. Bia sinywi. Halafu miguu imenywea. Zamani vigimbi vilikuwa jiwe, sasa ukiminya kidole kinazama. Fundi wa gereji kaniambia misuli usipoitumia inageuka mafuta, na mafuta yanahamia tumboni. Ni kweli? Wajuvi shusheni nondo.

#2 Kijiwe Nongwa
Ngoja waje. Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Mama Vitafunwa
Msosi ule ule? Konda akinunua maji anakunywa huku anakimbia. Dereva akikwama foleni Buguruni mkono uko nje dirishani: korosho, ubuyu, soda, mihogo ya kukaanga, soda tena. Mimi nauza barabarani, wateja wangu nawajua. Hesabu hivyo kwanza, ndio uje na habari za mafuta kuhama.

#4 Suka Mpya
#3 dada umenikamata kidogo. Soda ni moja. Mbili siku ya joto.

#5 Kijiwe Nongwa
Dar siku isiyo ya joto ni ipi?

#6 Maabara Kwetu
Huyo fundi abaki na magari. Seli ya msuli haigeuki kuwa seli ya mafuta hata ulale mwaka mzima. Ni mambo mawili yanayotokea pamoja, mtu akiangalia kwa nje anadhani ni moja: nyuzi za msuli zinasinyaa kwa kukosa kazi, na mafuta yanaongezeka kwenye ghala zake, mengine yanajipenyeza katikati ya nyuzi za msuli wenyewe. Ndiyo maana kidole kinazama.

Lakini kuna kitu cha tatu ambacho watu hawakisemi. Ukila chapati, yale mafuta yanasafiri kwenye damu yakiwa ndani ya vidonge vidogo sana. Kwenye kuta za mishipa midogo inayopita ndani ya msuli kuna kimeng'enya kinaitwa lipoprotini lipasi. Kazi yake ni kuyakatakata mafuta hayo yakiwa yanapita, ili msuli uyavute ndani uyachome. Mwaka 2003 huko Marekani walichukua panya, wakawanyanyua kwa mkia ili miguu ya nyuma isikanyage chini. Ndani ya siku moja tu kazi ya kile kimeng'enya kwenye misuli myekundu ya miguu, ile ya kusimamia, ilishuka vibaya. Mafuta ambayo msuli umeyakataa hayaondoki mwilini, yanatafuta kwingine pa kukaa.

Kwa hiyo mkuu, chapati ni zile zile. Aliyekuwa anazipokea ndiye kafunga ofisi.

#7 Mzee wa Hesabu
#6 panya aliyening'inizwa mkia hana foleni wala bosi anayesubiri hesabu jioni. Tuleteeni watu.

#8 Mbongo wa Leeds
Watu hao hapa, tena ni madereva na makonda wenzako mleta uzi. London, daktari anaitwa Jerry Morris. Mabasi yao ni ya ghorofa. Dereva amekaa zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, ngazi kama 500 hadi 750 kwa siku. Wote wanatoka tabaka moja na wanafanya kazi kwenye gari moja. Matokeo yalichapishwa 1953: makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na wakiugua, ugonjwa ulikuwa mwepesi zaidi. Akalinganisha pia wanaogawa barua kwa miguu na makarani wa posta wanaokaa, hadithi ikawa ile ile.

Yaani swali lako mtu kashaliuliza miaka sabini iliyopita, na tena kwenye daladala.

#9 Takwimu Kavu
#8 umesimulia nusu. Nusu ya pili ni ya 1956, na aliyeileta ni Morris huyo huyo, ndiyo maana namheshimu. Alikwenda kuangalia vipimo vya sare. Akakuta suruali za madereva zina kiuno kikubwa kuliko za makonda hata kwa vijana wa umri mdogo. Sasa jiulize: usukani ndio uliowanenepesha, au wanene ndio waliokuwa wanaomba usukani kwa sababu ngazi zinawachosha? Ukipima watu baada ya kujichagua wenyewe hujapima kazi.

#10 Fundi Cherehani
Haya ya suruali ni ya kwangu. Nina kibanda kituoni miaka kumi na moja. Suruali ya konda inaletwa imechanika msamba na imepauka magotini. Ya dereva inaletwa imesagika makalio, na mwenyewe anasema kwa sauti ndogo, "fundi, niachie kidogo kiunoni." Sijui nani alimfuata nani, nasema ninachokiona.

#11 Suka Mpya
#9 mkuu nimekuelewa lakini mimi sikujichagua. Mtu ni mmoja, mimi. Nilikuwa 30 nikawa 36.

#12 Takwimu Kavu
Sawa. Ulikuwa na miaka mingapi, sasa una mingapi? Ulikuwa unalala saa ngapi, sasa unalala ngapi? Ulikuwa huna mke, sasa unaye anayepika? Mtu mmoja si jaribio.

#13 Kijiwe Nongwa
Shemeji ameingizwa kwenye uzi bila kosa.

#14 Maabara Kwetu
#12 jaribio la mtu kulinganishwa na yeye mwenyewe lipo. Denmark, lilichapishwa 2008. Walichukua vijana wazima wanaotembea kama hatua 10,000 kwa siku, wakawaambia kwa wiki mbili msizidi kama 1,500. Pandeni lifti, pandeni gari. Hakuna aliyelazwa kitandani. Mwisho wa wiki mbili mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo, yaliongezeka kwa asilimia 7, na kongosho lilikuwa linamwaga insulini nyingi zaidi kwa sukari ile ile waliyonyweshwa. Ni wiki mbili hizo. Mleta uzi ana miaka miwili.

#15 Nesi Mstaafu
Salaam wanangu. Nimefanya wodi ya mifupa zaidi ya miaka ishirini. Mnabishana kuhusu panya, mimi nawapa mguu.

Kijana wa bodaboda amevunjika, kafungwa P.O.P, lile hogo, wiki sita. Siku ya kulikata, msumeno ukizima anauangalia mguu wake kama ameletewa wa mtu mwingine. Ngozi inabanduka magamba, vinyweleo vimekuwa virefu, na paja limekwisha. Nilikuwa napima kwa futi ya kushonea, sentimita kumi na tano juu ya goti, miguu yote miwili. Tofauti ya sentimita tatu au nne ilikuwa ya kawaida. Na mara nyingi mama yake yuko pembeni ananiambia, "mbona nilikuwa namlisha vizuri, supu ya kongoro kila siku?" Supu haijengi msuli uliofungwa.

Kwa kijana unarudi. Kwa mzee ndio shida. Nimewaona wazee wameingia na malaria wanatembea, wamelala siku kumi, malaria imepona na miguu imegoma. Kuna utafiti ulifanywa Marekani kwa wazee wazima wa afya waliokubali kulala siku kumi tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Ndio maana nilikuwa nawagombeza ndugu wanaomlisha mgonjwa kitandani wakati anaweza kukaa kwenye kiti.

#16 Mbongo wa Leeds
Shikamoo mama. #15 umenikumbusha utafiti wa Dallas, Marekani, wa 1966. Vijana watano wa miaka 20 walilazwa wiki tatu. Uwezo wa mwili wao kutumia oksijeni ukaporomoka kwa zaidi ya robo. Wakatafutwa tena 1996 wakiwa na miaka 50. Miaka thelathini ya uzee ilikuwa imewapunguzia uwezo huo kidogo kuliko zile wiki tatu za kitanda.

#17 Nesi Mstaafu
Marahaba. Hilo ningewasomea wale ndugu wodini.

#18 Kapsabet Hills
Sasa wadau, naingilia kutoka huku Nandi, Kenya. Huyo mkubwa wa hiyo Dallas, Bengt Saltin wa Sweden, baadaye ndiye alikuja kwetu Bonde la Ufa na sindano ya kutoa kipande cha msuli kwa paja. Walichapisha 1995. Walikuta wakimbiaji wetu misuli yao ina vimeng'enya vya kuchoma mafuta kwa wingi kuliko wale wa Skandinavia. Na vijana wa shule wanaotembea mbali walikuwa na pumzi kuliko wale hawatembei. Sasa kila mtu anasema ni damu ya Wakalenjin. Mimi ni Mkalenjin, nafanya kazi benki, nakaa siku nzima, na nina kitambi kama cha mleta uzi. Hiyo damu iko wapi?

#19 Mzee wa Hesabu
Hahaha, damu iko kaunta.

#20 Chuma Chakavu
Mnazunguka sana. Dawa ni jasho. Jifunge nailoni tumboni, vaa sweta, kimbia Coco Beach saa tisa mchana. Mimi nilitoa kilo mbili kwa siku moja, mafuta yote yalitoka na jasho. Halafu jenga misuli, ukiwa na misuli mwili unachoma mafuta hata ukilala.

#21 Maabara Kwetu
#20 kilo mbili hizo zilikuwa maji, na ulipokunywa zilirudi. Mafuta hayatoki kwa jasho. Ukichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka puani na mdomoni zikiwa hewa ya ukaa, 1.6 zinakuwa maji. Unayapumua mkuu. Nailoni inakupa joto kali na figo kulalamika, basi.

Hilo la misuli kuchoma ukilala ni kweli ila limetiwa chumvi. Kilo moja ya msuli uliotulia inatumia kama kalori 13 kwa siku. Mafuta yenyewe yanatumia 4 na kitu. Ukiongeza kilo tatu za misuli kwa mwaka mzima wa kunyanyua vyuma, umelipia kipande tu cha andazi kwa siku. Faida ya msuli ni pale unapoutumia, na pale unapopokea sukari na mafuta baada ya kula.

#22 Chuma Chakavu
Sasa kwa nini nikiacha jim mwezi nanenepa?

#23 Maabara Kwetu
Jim umeacha, sahani ya jim umeiacha?

#24 Kijiwe Nongwa
Kimya cha #22 kinasikika mpaka Kibaha.

#25 Vitunguu Mang'ola
Habari wana jukwaa. Nalima vitunguu Mang'ola, pembeni ya Ziwa Eyasi, majirani zangu ni Wahadzabe. Wazungu wa vipimo wanapita hapa kila mwaka. Kuna Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha 2012. Wahadzabe wanaume wanatembea kama kilomita 11 kwa siku kuwinda na kufuata asali, wanawake kama 6 na kuchimba mizizi juu. Wakawanywesha maji maalumu ya kupimia nguvu ambayo mwili unatumia. Jibu likawashangaza wenyewe: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anachoma kalori sawa tu na mtu wa Marekani anayekaa ofisini.

Kwa hiyo mnaosema dereva amenenepa kwa sababu hachomi, mwili unaonekana una bajeti yake. Ukitumia zaidi kwenye kutembea unabana kwingine.

#26 Mama Vitafunwa
#25 asante. Yaani tumerudi kwenye soda. Nilisema #3.

#27 Takwimu Kavu
Usishangilie mapema dada. Wahadzabe hao hao hawana kitambi, na presha na sukari kwao ni nadra. Kwa hiyo au ni chakula, au kutembea kunafanya kazi nyingine isiyoonekana kwenye jumla ya kalori. Hoja ya #6 ya kimeng'enya bado imesimama hata kama jumla ni ile ile. Suala linakuwa mafuta yanapelekwa wapi.

#28 Vitunguu Mang'ola
Na niongeze nilichokiona kwa macho. Msidhani wanakimbia siku nzima. Mchana wanapumzika sana, walipimwa wakakutwa karibu saa kumi kwa siku hawafanyi kitu. Tofauti ni namna ya kupumzika. Hawana kiti. Wanakaa chini, wanachuchumaa au wanapiga magoti. Kaa naye mnapiga stori za nyoka aliyeua mbwa wake, dakika arobaini amechuchumaa, nyayo zote chini, visigino havijanyanyuka. Mimi dakika tano ganzi, natafuta jiwe la kukalia. Waliwabandika vifaa kwenye mapaja wakaona misuli ya aliyechuchumaa inafanya kazi kidogo kidogo. Hayo matokeo yalitoka 2020.

#29 Kijiwe Nongwa
Nimejaribu kuchuchumaa nikisoma hii. Naandika nikiwa nimelala ubavu.

#30 Bi Maskati
Asalaam alaykum. Mie niko Maskati mwaka wa kumi na nne, asili Unguja, Makunduchi. Kwetu nilikuwa naenda pwani kufua makumbi, na kisimani kwa miguu. Huku mlangoni gari, gari kwenye kipupwe, kipupwe mpaka dukani. Sukari ikanipata na miaka arubaini na mbili. Wala sikunenepa sana, hilo ndilo lilonishangaza.

Daktari akanambia kila baada ya chakula cha usiku tembea dakika ishirini. Nje joto haliwezekani, basi tunatembea ndani ya duka kubwa, kina mama tumejipanga kama tunakwenda harusini. Kwenye kipimo changu cha kidole, nikikaa baada ya wali hunipa 11 na kitu. Nikitembea hunipa 8. Wali ule ule, mchuzi ule ule. Sijaelewa mpaka leo sukari inakwenda wapi kwa kutembea dukani na bila kununua kitu.

#31 Maabara Kwetu
Waalaykum salaam bibie. Inaingia msulini. Kawaida sukari ikitaka kuingia kwenye seli ya msuli inahitaji insulini iifungulie. Msuli ukikunjwa na kukunjuka unafungua mlango wake wenyewe bila kuisubiri insulini, na baada ya mazoezi mlango unabaki mwepesi siku moja au mbili. Kwa mwenye sukari ya ukubwani huo ni mlango wa uani, maana wa mbele umekwama. Ila usiguse dozi ya dawa zako bila kumwambia daktari, kuna zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi ukitembea.

#32 Mzee wa Hesabu
Mimi nina maelezo yangu na hamtayapenda. Nimeendesha miaka 22. Kitambi cha dereva ni usingizi na presha ya hesabu. Unaamka saa kumi usiku, unalala saa sita, katikati unafikiria bosi, trafiki na tairi. Mtu aliyekosa usingizi anatafuta wanga na sukari, hatafuti mchicha. Konda naye halali, nakubali, ila konda hesabu haimhusu sana, akiharibu anayeulizwa ni mimi.

#33 Suka Mpya
#32 mzee umegusa penyewe. Nikiwa konda nilikuwa nalala hata kwenye siti ya nyuma tukisubiri abiria. Sasa sisinzii hata nikitaka.

#34 Mbongo wa Leeds
Mleta uzi, usikate tamaa na usukani. Mwaka 2022 yule yule wa panya wa #6, Marc Hamilton, yuko chuo kikuu cha Houston, alitoa jaribio la msuli mmoja wa ndani ya kigimbi unaoitwa soleasi. Ni kama asilimia 1 tu ya uzito wa mwili. Watu wamekaa kitini, kidole cha mguu kipo chini, kisigino kinapanda na kushuka kwa saa kadhaa. Sukari baada ya kunywa glukosi ilishuka sana, na mafuta yakawa yanatumika zaidi kati ya mlo na mlo. Watu wenyewe walikuwa wachache, na mashine iliwaonyesha namna ya kufanya, kwa hiyo zile video za mtandaoni za kutikisa mguu kama mwenye wasiwasi siyo hicho.

#35 Kapsabet Hills
Basi dereva wa matatu kwa jam anafanya hiyo kitu siku yote. Klachi, klachi, klachi.

#36 Mzee wa Hesabu
Klachi ya Kosta iliyochoka ni jim tosha. Goti langu la kushoto linajua.

#37 Takwimu Kavu
Hili linapimika. Mleta uzi, kama klachi inafanya kazi, kigimbi cha kushoto kiwe kikubwa kuliko cha kulia. Azima futi kwa #10.

#38 Suka Mpya
Nimerudi wakuu. Nimepimwa kituoni watu wamejaa wanaangalia. Kushoto sentimita 37, kulia 36.

#39 Kapsabet Hills
Si nilisema!

#40 Takwimu Kavu
Pole pole. Ulipokuwa konda ulikuwa unatua na mguu gani?

#41 Suka Mpya
Mlango uko kushoto. Kushoto ndio unatangulia.

#42 Takwimu Kavu
Basi hiyo sentimita inaweza kuwa ya klachi, inaweza kuwa masalia ya miaka sita ya kuruka, au umezaliwa nayo. Mpime konda wako wa sasa, kiuno na vigimbi, uandike tarehe. Siku akipewa usukani tutampima tena.

#43 Fundi Cherehani
Futi yangu imeondoka na nani?

#44 Suka Mpya
#43 ninayo fundi, kesho asubuhi utaipata. Nimempima dogo leo Makumbusho tukisubiri abiria. Kiuno 29. Kushoto 35, kulia 35 na nusu. Alipoona futi aliruka nyuma, akaniuliza nani kafariki, mbona napimwa jeneza. Nikamwuliza huwa anatua na mguu gani. Akafikiria, akasema hajui, huwa anatua tu.